Pale Mkono Unapokwenda

Mama mdogo wangu alikuwa na kazi ambayo ukoo mzima ulishindwa kuieleza. Kwenye harusi na misiba, watu walipoketi kuulizana habari za watoto wa fulani na kazi za fulani, zamu yake ilipofika mmoja angekuna kichwa na kusema, "Yule yuko kwenye kompyuta," na mazungumzo yakasonga kwa wenye kazi za kueleweka. Mumewe, mpima ardhi mstaafu ambaye mimi humwita baba mdogo, alikuwa na jibu lake. Alisema mke wake analipwa kuwaambia watu wabonyeze wapi. Alilisema kwa utani, lakini sijapata kumsikia mtu akiieleza kazi ile vizuri kuliko hivyo.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Kuna programu ya kuchorea na kupangia kurasa, inayotumiwa na watu wanaotengeneza majalada ya vitabu, mabango, karatasi za kufungia sabuni. Juu ya skrini ina menyu, na ndani ya kila menyu zimo amri: leta mbele, peleka nyuma, kusanya, tawanya, sawazisha katikati. Unaweza kushika kipanya, ukafungua menyu, ukashuka mstari kwa mstari mpaka uipate unayoitaka. Au unaweza kubonyeza vitufe viwili vitatu kwa pamoja na jambo likawa, macho yako yakiwa bado kwenye mchoro. Hiyo ya pili huitwa njia ya mkato. Watu wengi wanadhani njia za mkato zilikuja na kompyuta, kama ile harufu ya plastiki mpya. La. Mahali fulani aliketi mtu akaamua kidole gani kiende wapi. Kwa programu hii, mtu huyo alikuwa mama mdogo wangu, kwenye chumba chenye dirisha moja, juu ya duka la miwani.

Alisomea usanifu wa vitabu chuoni, akafanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha uchapaji, mpaka bega la kulia likamwambia basi. Bega linalosukuma kipanya kutwa nzima huchakaa kama kiwiko cha sweta. Ndipo akaanza kutafuta vitufe, na alipovikuta vimetupwa ovyo ovyo, akawapigia simu waliotengeneza ile programu na kuwaambia kwamba inaonekana imetengenezwa na watu ambao hawajawahi kudaiwa jalada kabla ya chakula cha mchana. Wakamwalika aje aseme hayo ana kwa ana. Akaenda, akayasema, wakamwajiri. Nadhani walitegemea angekuwa amemaliza maneno yake baada ya wiki chache.

Jambo la kwanza alilolikataa ni kugawa vitufe kwa herufi za mwanzo. Wenzake walikuwa wamefika hapo na kukwama: Fungua, Funga, Futa na Fifisha zote zilikuwa zinagombania kitufe kimoja kama watoto wanaogombania kiti cha mbele, na Futa ndiyo iliyoshinda, jambo ambalo limewaliza wengi.

"Herufi inakaa kichwani," aliniambia, "na kichwa cha mchoraji kimejaa. Mkono ndio wenye nafasi."

Kwa hiyo aliupangia mkono. Kuleta mbele na kupeleka nyuma alikuweka kwenye vitufe vinavyopandana, cha juu na cha chini yake. Kusanya ilivuta vidole vikaribiane, Tawanya ikavipanua. Kutendua kosa alikuweka pale mkono unapolala, kwa kuwa, alisema, watu hukosea kuliko wanavyofanya jambo lingine lolote. Kubana matabaka yote ya mchoro yawe kitu kimoja, jambo ambalo ukishalihifadhi halirudi, alikuweka kwenye vitufe viwili vilivyo mbalimbali, kusudi kila mkono uwe na kazi. Mtu anayetaka kujiharibia, alisema, angalau aweke kikombe chini kwanza.

Iliyompendeza kuliko zote ni amri iliyoitwa Safisha Meza. Ukiitoa, visanduku vyote vya pembeni, vya rangi, vya brashi, vya vipimo, hutoweka, na mchoro hubaki peke yake kwenye skrini. Kidole gumba kwenye kitufe kirefu cha chini, kidole kidogo kwenye pembe ya juu kushoto: mkono unajifungua wote kama unaopangusa makombo. Aliipata kwa kujitazama mwenyewe baada ya kifungua kinywa.

Naijua meza hiyo. Niliishi kwao nilipokuwa chuoni, na ilinichukua muda mrefu kugundua kwamba nyumba ile nayo ilikuwa imepangwa kwa namna hiyo hiyo. Mkono ukiiweka birika chini, ukienda kando kidogo, unakutana na sukari. Ukitoka bafuni gizani, unakutana na swichi. Hakuna aliyeambiwa. Tuliishi tu, tukadhani sisi ni watu wepesi. Baba mdogo hasa alijiona mtu asiyehitaji kuhudumiwa.

Mtihani wake wa kupima njia ya mkato haukuwa kwenye kitabu chochote. Alimwita mchoraji, akamfundisha vitufe vipya leo, kesho akamkalisha tena mbele ya skrini na kumwuliza habari za nyumbani. Alijua kuuliza. Baada ya muda mfupi mchoraji alikuwa amefika kwa wifi yake, au kwa mama mkwe, huku mikono inapanga jalada. Mama mdogo hakusikiliza maneno, au alisema hasikilizi, alitazama vidole. Msengenyaji akikatika katikati ya sentensi kutafuta kitufe, njia hiyo ilitupwa. Akifika mpaka mwisho wa kisa, na jalada limekamilika, basi imekaa. Kwa sababu hiyo alijua siri za nusu ya wachoraji wa mji ule, na wao wakamwita Mama Vidole, kwa heshima na kwa woga kidogo.

Sasa, jambo moja lazima nilieleze mapema, maana ndilo lililomgeukia. Zamani kidogo kampuni ilitaka kujua watu wanatumia nini ndani ya programu. Mafundi wakaweka hesabu kwenye menyu: kila ifunguliwapo, inajiandika. Wakataka kuhesabu na vitufe pia. Mama mdogo akakataa, na hakukataa kwa upole. Alisema kila kihesabio kinaongeza uzito mdogo ambao jicho halioni lakini kidole kinaujua, na kwamba mtu akishajua anahesabiwa vidole, vinakuwa vigumu kama vya mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Walibishana karibu mwezi. Akashinda. Menyu zikahesabiwa, mikono ikaachwa. Mafundi wengi waliokuwapo siku hizo walihamia kampuni nyingine, kama ilivyo desturi ya mafundi, na ushindi wake ukasahauliwa na kila mtu isipokuwa mmoja.

Kisha akaja meneja mpya. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivi kwa sababu ningependa awe mbaya na habari hii ingekuwa nyepesi kuiandika. Alikuwa na adabu, aliwasalimia walinzi, alikumbuka watoto wa watu wanasoma darasa la ngapi. Ila hakuamini kitu kisicho na mchoro wa nguzo. Ofisi ikampa jina la Takwimu, naye alipolisikia alifurahi.

Siku moja aliwaita wote kwenye chumba cha mikutano, akawasha projekta na kuonyesha nguzo zake. Kila menyu na nguzo yake. Nyingine zilipanda mpaka juu. Ya menyu ya Mpangilio, ile yenye amri karibu zote za mama mdogo, ilikuwa fupi kama kipande cha kucha.

"Menyu hii," alisema Takwimu, "karibu hakuna anayeifungua."

Mama mdogo akatabasamu. Alikuwa amengoja miaka yote ile mtu mkubwa aliseme jambo hilo mbele ya watu. Menyu isiyofunguliwa ndiyo alama ya kwamba mikono imejifunza. Kwake nguzo ile fupi ilikuwa kama ukoko uliokwanguliwa, sufuria ikarudi nyeupe.

"Ahsante," alisema. "Haikuwa rahisi."

Takwimu akamtazama kwa macho ya mtu aliyejiandaa kwa matusi akapewa maua. Akaweka mkono kifuani, akasema anamshukuru mama kwa kulipokea jambo hili kiutu uzima, kwamba si kila mtu angeweza, na kwamba yeye binafsi hakulala vizuri kwa kuwaza atalisemaje. Kisha akafungua ukurasa uliofuata. Juu zilikuwapo amri zitakazoondolewa kwenye toleo jipya, na zile zitakazohamishwa bila vitufe vyake. Chini, kwa maandishi madogo, kitengo kitakachofungwa. Kitengo hicho kilikuwa na mtu mmoja.

Ilimchukua mama mdogo kitambo kuelewa kwamba amekwisha kushukuru kwa kumwagiwa unga. Akasimama, akaeleza. Watu hawaifungui menyu kwa sababu hawana haja ya kuifungua. Wanaifanya kwa mkono. Takwimu akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, kwa upole wa kweli, kama kuna hesabu zinazoonyesha hivyo.

Hazikuwapo. Na fundi mmoja mzee, yule aliyekuwa bado anakumbuka, akakohoa kule nyuma. "Mama, si wewe mwenyewe uliyetukataza kuhesabu vitufe?"

Ndiye. Akaketi.

Takwimu, kwa kutaka kuondoa uzito chumbani, akaanza kuwaeleza sura ya toleo jipya kwa kutumia lile la sasa. Alifungua bango moja zuri, na ili walione lote, mkono wake wa kushoto ukajifungua juu ya kibodi, gumba chini, kidole kidogo pembeni, na visanduku vyote vikatoweka. Hakuutazama mkono. Alikuwa anaendelea kuzungumza.

"Hebu rudia hiyo," alisema mama mdogo.

"Ipi?"

"Hiyo ya kusafisha skrini. Umefanyaje?"

Akautazama mkono wake kama mtu aliyeulizwa anavyomeza mate. "Nimebonyeza tu."

"Wapi?"

Alijaribu kueleza, akashindwa, akacheka, na wengine wakacheka naye. "Mama, hii si njia ya mkato. Hii haikutengenezwa na mtu. Ndivyo inavyokuwa tu."

Safisha Meza ilikuwa kwenye ukurasa wa Takwimu mwenyewe, miongoni mwa zile za kuondolewa. Hakuijua kwa jina.

Walimuaga vizuri. Palikuwa na soda, na hotuba iliyompaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na zawadi ndani ya sanduku lenye utepe. Ilikuwa kipanya, cha kisasa, kisicho na waya.

Nilikwenda kumtazama Jumamosi iliyofuata. Nilimkuta jikoni, ameshusha vyombo vyote kwenye makabati na ameviweka sakafuni kama mtu anayehama. Alisema anapanga upya. Nikamuuliza kwani palikuwa na kasoro gani. Akasema hapakuwa na kasoro, ndiyo maana.

Tuliketi katikati ya sufuria. Nilimwambia maneno yanayosemwa, kwamba kazi ni kazi, kwamba afya ndiyo kitu. Akaniacha nimalize.

"Kazi nitapata nyingine, au nitapumzika," alisema. "Si hilo, mwanangu. Miaka yote ile sikudai sifa. Lakini nilidhani wanajua. Sasa wanafuta vitufe vyangu, na watakaovifuta hawajui kwamba vilikuwapo. Nataka mtu mmoja tu ajue kwamba kile kitu kilitengenezwa. Mmoja. Sitaki umati."

Nilimwambia mimi najua. Akanipiga kofi dogo la goti. Mimi ni mtoto wa dada yake, sikuhesabiwa.

Baba mdogo akaingia kujitengenezea chai. Tulikuwa tumesharudisha vyombo kwa mpangilio mpya, wa kimo, mzuri kwa macho kama duka. Aliiweka birika chini, mkono wake ukaenda kando kidogo, ukafunga vidole hewani. Ukafungua, ukafunga tena.

"Sukari imekwenda wapi?"

"Ilikuwa wapi?" aliuliza mama mdogo.

"Si hapo."

"Hapo wapi, baba watoto?"

Alikuwa amepima mashamba na viwanja maisha yake yote. Hakuna jiwe la mpaka ambalo asingeweza kukueleza lilipo, upande gani wa mti, hatua ngapi kutoka mfereji. Alisimama na mkono umeinuliwa, anatafuta maneno, uso umemkunjamana kwa juhudi.

"Pale mkono unapokwenda," alisema mwishowe, kwa hasira, kama kwamba sisi ndio tuliokuwa wagumu wa kuelewa.

Mama mdogo aliutazama ule mkono uliokuwa hewani kwa muda mrefu. Kisha akaanza kucheka, kicheko ambacho sikukipenda mara moja, kwa kuwa kilianzia mbali.

"Watashindwa hata kulalamika," alisema. "Hawajui kinaitwaje."

Na ndivyo ilivyokuwa. Toleo jipya lilipotoka, wachoraji walipiga simu kampuni, wakawa kama wagonjwa wasiojua panapouma. Mmoja alisema anahisi amevaa viatu vya mtu mwingine. Mwingine alisema kompyuta yake imemnunia. Kulikuwa na fomu ya malalamiko kwenye tovuti, lakini ilimtaka mteja achague jina la amri yenye matatizo, na hakuna aliyelijua jina, kwa hiyo wote waliweka alama kwenye kisanduku cha Mengineyo. Nguzo ya Mengineyo ikapanda mpaka ikatoboa juu ya mchoro. Takwimu hakulala. Aliunda kamati ya kuchunguza Mengineyo.

Aliyeokoa jahazi, kama ni kuokoa, ni dada wa simu, yule wa huduma kwa wateja, ambaye siku za nyuma aliwahi kukalishwa kwenye mtihani wa mama mdogo na akasimulia mambo ya shemeji yake ambayo mpaka leo anajuta. Alimpigia akiwa kwenye ngazi za ofisi, sauti chini.

"Shikamoo, Mama Vidole. Nina mteja kwenye simu nyingine. Anasema alikuwa anafanya hivi, haifanyi."

"Hivi vipi?"

"Ndiyo shida. Anasema hivi. Ngoja. Anasema kidole cha shahada kinapanda, cha kati kinasubiri, gumba linaingia chini kama anayefinya chumvi."

Mama mdogo aliacha kitunguu alichokuwa anamenya, akaweka mkono juu ya meza, akafinya. "Sawazisha Katikati," alisema. "Mwambie wameihamisha. Sasa ni menyu ya tatu, mstari wa mwisho."

Simu zile zikawa kazi. Kila asubuhi dada wa simu alitoka akaenda kwenye ngazi na maelezo ya vidole vya watu asiowaona, na mama mdogo alivifanya juu ya meza ya jikoni na kuvitajia majina. Baba mdogo, ambaye kwa miaka yote hakujua mke wake anafanya nini, alisogeza sikio kwenye simu na kunyoosha vidole vyake mwenyewe hewani. Akaanza kuwakosoa wateja. "Huyo anadanganya," alisema mara moja. "Kidole cha pete hakifiki huko." Nadhani ilikuwa furaha kubwa kuliko yote ya kustaafu kwake. Sukari alikuwa bado haipati.

Lakini haikuwa Mengineyo iliyombadilisha Takwimu. Ni wageni. Walikuja watu wakubwa kutoka shirika fulani la uchapishaji kuangalia programu, naye akawafungulia lile bango zuri. Akiwa katikati ya maneno, mkono wake ukajifungua. Visanduku vikabaki. Akajaribu tena. Wageni wakautazama mkono, ukiwa umekaa juu ya kibodi kama kaa aliyepinduliwa. Dada wa simu, aliyekuwa anapita na chai, anasema Takwimu alibonyeza mara nyingi mno kwa mtu wa cheo chake, na kwamba usoni alikuwa kama mtu aliyefika nyumbani kwake akakuta ufunguo hauingii.

Siku iliyofuata alimpigia simu mama mdogo yeye mwenyewe.

Nilimsindikiza, kwa kuwa bega lilikuwa linamsumbua na ngazi za pale ni kali. Kwa hiyo niliyoyaona nimeyaona. Takwimu alitupokea mlangoni. Alisema anaomba radhi, kwamba takwimu zilimdanganya.

"Hazikukudanganya, baba," alisema mama mdogo. "Zilikwambia watu hawafungui menyu. Ni kweli hawafungui."

Alitaka amri zote zirudi, na yeye arudi nazo. Zaidi ya hapo, alikuwa amemtengenezea kitu. Alisema amelifikiria sana lile neno lake mwenyewe, kwamba haikutengenezwa na mtu, na limemchoma. Akageuza skrini. Alibonyeza vitufe vya Kusanya, na chini ya skrini ukajitokeza ukanda mwembamba wa rangi ya samawati, wenye jina la amri, na kando yake maneno: imebuniwa na, kisha jina la mama mdogo, lote, la kwake na la baba yake. Ukakaa kidogo, ukafifia.

"Kila atakayebonyeza, popote alipo, atajua," alisema Takwimu.

Mama mdogo akavuta kibodi. Alibonyeza yeye mwenyewe. Jina likatokea. Akabonyeza tena. Alichokuwa amekiomba pale sakafuni katikati ya sufuria, alikuwa amepewa, tena si mtu mmoja, ni umati.

Ningekuwa mimi, ningesaini hapo hapo. Yeye akaomba mchoraji.

Wakamletea mama mmoja wa makamo anayechora maboksi ya dawa, aliyekuwa amekuja kwa shughuli zake. Mama mdogo akamkalisha, akampa boksi la kupanga, akavuta kiti, akamuuliza nyumbani wazima? Wazima. Na yule wifi aliyekuja kukaa wiki moja?

"Usinikumbushe," alisema mchoraji, mikono ikaanza kazi. "Wiki moja imekuwa msimu. Juzi si nikamkuta chumbani kwangu, amefungua kabati, amevaa..."

Ukanda wa samawati ukajitokeza. Macho yake yakashuka, yakasoma, yakapanda.

"Amevaa nini?" aliuliza mama mdogo.

"Amevaa... nilikuwa nasema nini? Ehe. Lile gauni langu la kijani, na mimi nimesimama mlangoni, namtazama, nikamwambia, wifi..."

Ukanda tena. Kidole cha kati kikasimama hewani. Mchoraji akalisoma jina kwa sauti, kwa heshima, na kusema kumbe ni wewe, hongera sana. Kisha akautazama mkono wake na kuuliza alikuwa anataka kubonyeza nini.

Iliendelea hivyo. Hakufika mwisho wa kisa. Kila jina la mama mdogo lilipotokea, alinyamaza, na kila aliponyamaza, mkono ulisahau. Boksi la dawa lilikaa nusu, lebo imelala upande.

Mama mdogo aliyatazama yote hayo. Alikuwa ametupa njia nyingi kwa mtihani huo, na nyingine alizipenda. Alijua kanuni, maana aliitunga yeye. Lakini alichukua muda, na Takwimu, ambaye si mtu mbaya, hakumharakisha.

"Ondoa ukanda," alisema.

"Mama, tukiuondoa hakuna atakayejua."

"Huyu alikuwa amefika kwenye gauni," alisema mama mdogo. "Mwache amalize."

Wakauondoa. Mchoraji akaanza upya, na safari hii gauni likavuliwa, maneno yakatupwa, kaka mtu akaitwa, na wifi akafungasha virago, yote kwa pumzi moja, na boksi la dawa likakamilika bila yeye kujua limekamilika saa ngapi. Mama mdogo akasaini mkataba. Vitufe havikuhesabiwa, kwa sharti lake. Nilipomuuliza kwenye ngazi kama haoni kwamba meneja mwingine atakuja na nguzo zake na yote yatarudia, alisema anaona vizuri sana, na kwamba nimshike mkono, ngazi ni kali.

Jikoni nako sukari ilirudi ilipokuwa. Baba mdogo aliipata siku hiyo hiyo, bila kugeuza kichwa, na akatangaza kwamba sasa ameuzoea mpango mpya.

Nilimuuliza baadaye kama haumii. Tulikuwa tunapangusa meza. Alisema alitaka mtu mmoja ajue, na mmoja amempata. Tangu siku ile Takwimu anajua. Kila anaponyoosha mkono kusafisha skrini, anakumbuka kwamba kuna mtu alikaa akaitunga, kwamba gumba linakwenda huku na kidole kidogo kule, anaukodolea mkono wake macho kwa heshima yote, na mkono hauendi popote. Kwenye mikutano watu wanamngoja.

"Maskini," alisema, akikusanya makombo kiganjani. "Nimempa kile kipanya. Sanduku lilikuwa bado na utepe wake."